Mshale wa Spidi Unacheza: Pa Kuanzia kwenye Pikipiki ya Zamani

Kabla hujashika spana, panda pikipiki uende nayo kilomita mbili tatu, na safari hii usiutazame mshale. Tazama namba za kilomita. Zile namba ndogo zinazojizungusha taratibu ndani ya mita ndizo shahidi wako, na mafundi wengi niliokutana nao hawazihoji. Wanauona mshale unatikisika, wanasema, "Bosi, hiyo mita imekufa," unatoa hela, inafungwa mita nyingine, na wiki mbili baadaye mshale wa mita mpya nao unatikisika vilevile.

Ninaposema pikipiki ya zamani nazungumzia zile ambazo mita yake inazungushwa na waya unaopanda kutoka gurudumu la mbele: Honda CG125 na ndugu zake wa Kichina wasiohesabika, XL, Yamaha AG100, Boxer za miaka ya nyuma. Mifano yangu mingi itakuwa ya CG, kwa sababu ndiyo ninayoendesha, na kwa sababu tangu itoke mwaka 1976 imenakiliwa mno kiasi kwamba ukiijua hiyo moja umeshajua nusu ya pikipiki za mtaani kwako. Kama kwenye gurudumu lako kunatoka nyaya nyembamba za umeme, yako ina sensa, na ugonjwa wake hautafutwi kwa njia hii.

Jambo jingine la kuondoa kichwani mapema: mita ya waya haitumii umeme kabisa. Nimewahi kuambiwa mshale unacheza kwa sababu betri "haichaji vizuri". Betri inawasha kitaa cha ndani ya mita usiku, basi. Ukiing'oa betri ukaiacha nyumbani, mshale utapanda kama kawaida.

Waya mmoja, kazi mbili

Waya wa spidi ni nyaya mbili kwa kweli. Kuna ganda la nje ambalo halizunguki, na ndani yake kuna waya wa chuma uliosukwa tabaka juu ya tabaka, unaozunguka muda wote gurudumu linapozunguka. Chini unashikwa na gia ndogo iliyomo ndani ya bamba la breki ya mbele. Juu unaingia kwenye kitundu cha pembe nne nyuma ya mita.

Ukishaingia kwenye mita, mzunguko ule unagawanyika. Njia ya kwanza ni ya meno kwa meno: gia ndogo zinasukumana mpaka zinageuza namba za kilomita. Hapa hakuna ujanja. Waya ukizunguka, namba lazima zitembee, labda gia iwe imevunjika.

Njia ya pili, ya mshale, haina meno. Waya unazungusha sumaku. Sumaku inazunguka karibu na kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa. Mzunguko wa sumaku unazalisha umeme mdogo ndani ya alumini, na umeme huo unafanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Kingeifuata moja kwa moja, ila kimefungwa springi nyembamba kama unywele inayokirudisha. Pale nguvu ya sumaku na nguvu ya springi zinapolingana, ndipo mshale unaposimama. Mjerumani Otto Schulze aliipatia hataza mita ya namna hii mwaka 1902, na iliyoko mbele yako kwenye CG haijabadilika sana tangu hapo.

Kwa hiyo ukirudi kutoka kwenye zile kilomita tatu, unalo jibu moja kati ya haya. Namba hazikutembea na mshale haukupanda: mzunguko umepotea njiani, kwenye gurudumu au kwenye waya, na mita usiiguse bado. Namba zilitembea ila mshale umelala palepale: waya ni mzima, tatizo limo ndani ya mita. Mshale unafanya kazi ila namba zimeganda: gia ya plastiki ndani ya mita imepasuka au imeteleza, na unaweza kuamua kuishi nayo. Mshale unacheza huku namba zinatembea: hapo ndipo watu wanapotupa hela zao, na nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine.

Vyote vimelala

Jiulize swali moja: gurudumu la mbele lilitolewa lini mara ya mwisho?

Yangu ilizimika siku niliyozibiwa pancha kando ya barabara, jua kali, fundi ana haraka na mimi nina haraka kumzidi. Nilipofika nyumbani mshale ulikuwa kwenye sifuri. Nikanunua waya mpya. Ukalala vilevile. Nikaanza kuisema mita vibaya. Siku ya tatu ndiyo nikaona haya, nikafungua gurudumu mwenyewe.

Ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, upande wa bamba la breki, kuna pete ya bati yenye masikio mawili yaliyosimama. Kwenye bamba la breki kuna gia pana yenye nafasi mbili. Masikio yanatakiwa kuingia kwenye nafasi zile, ndipo gurudumu likizunguka libebe gia. Kwangu masikio yote mawili yalikuwa yamelala kifudifudi, yamebandikwa kama karatasi iliyokanyagwa. Fundi aliliweka bamba bila kulinganisha, likagoma kuingia mpaka ndani, naye akakaza nati ya ekseli mpaka likaingia kwa nguvu.

Dalili ya kosa hilo utaiona kabla hujakaza. Bamba la breki likikaa sawasawa, linazama ndani ya habu na kubaki na mwanya mwembamba unaolingana pande zote. Likiwa limepanda juu ya masikio, linakaa nje kidogo na linayumba. Lishike kwa mkono, ulizungushe polepole kulia na kushoto huku unasukuma, mpaka usikie limeshuka. Ni kama kufunga mfuniko wa chupa ya chai: haujakaa, haujakaa, mara "tup", umekaa. Ndipo upitishe ekseli.

Ukiwa hapo hapo, angalia kitu kimoja kisichohusu spidi ila kinahusu meno yako. Bamba la breki lina mfereji unaotakiwa kukumbatia kinundu kilichopo kwenye mguu wa shokapu. Hicho kinundu ndicho kinachozuia bamba lisizunguke unapofunga breki. Kama halijakumbatia, siku utakayobana breki ya mbele kwa nguvu bamba zima litazunguka na gurudumu na kuvuta waya wa breki. Nimeiona imefungwa hivyo kwenye pikipiki iliyokuwa inabeba abiria.

Masikio yakiwa yamelala tu, yanyanyue kwa koleo taratibu, mara moja. Yakikatika au yakionyesha ufa, nunua pete. Ni bati dogo, na maduka ya spea yanaijua ukiwapelekea ya zamani mkononi. Gia pana iliyomo kwenye bamba igeuze kwa kidole huku unatazama kitundu cha waya: kigingi kidogo cha ndani kinatakiwa kuzunguka bila kuruka. Ukisikia inakwama halafu inaachia, meno yameliwa. Mara nyingi sababu ni maji. Wanaoosha pikipiki kwa mashine ya presha wanapenda kuelekeza mpira kwenye habu ili tope litoke. Tope linatoka, na grisi inatoka nalo. Safisha kwa petroli kidogo, kausha, paka grisi mpya kwenye gia hiyo, lakini isiwe nyingi kiasi cha kurukia kwenye viatu vya breki.

Kama gurudumu halijaguswa siku za karibuni, anzia juu. Fungua nati ya waya nyuma ya mita, ile inayofunguka kwa vidole, uuchomoe. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, mtu akalie nyuma ili gurudumu la mbele lielee. Zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea mbele, tazama ncha ya waya. Ikizunguka, ibane kidogo kwa vidole viwili. Waya mzima utakusumbua vidole. Waya uliokatika kwa chini, au gia iliyoliwa, utausimamisha bila taabu, na pengine utasikia "ka-ka-ka" kutoka kwenye habu.

Ncha isipozunguka kabisa, fungua upande wa chini. Kwenye Honda nyingi waya umeshikwa na skrubu moja kwenye bamba la breki, na skrubu hiyo huwa imeoza. Usiipige bisibisi mara kumi mpaka kichwa kiwe duara. Ipake mafuta ya kupenya usiku, ifungue asubuhi. Ukivuta waya wa ndani ukatoka nusu tu, ujue nusu nyingine imebaki juu kwenye ganda. Usisahau kuitoa.

Mshale unatikisika

Hapa ndipo kwenye kesi nyingi, na karibu zote nilizokutana nazo zilikuwa za msuguano kwenye waya, wala si mita.

Fikiria kamba unayoisokota kwa mkono mmoja huku mwenzako ameshika ncha ya pili kwa kuibana. Unasokota, haiendi, inajikaza, inajikaza, halafu mkono wa mwenzako unateleza na kamba inajifungua kwa kishindo. Waya wa ndani uliokauka unafanya hivyohivyo mara nyingi kwa sekunde. Chini gurudumu linauzungusha sawasawa. Katikati kuna mahali unakwama kwenye ganda. Unajisokota kidogo, kisha unaachia ghafla. Sumaku iliyoko juu inapokea mzunguko wa kusukumwa na kuachwa, kusukumwa na kuachwa, na mshale unaonyesha hicho hasa inachokipokea. Kwa maana hiyo mshale unaotikisika husema kweli.

Tabia ya mtikisiko inakuambia mengi. Ukitikisika sana kwenye 20 na 30, ukatulia ukifika 50, waya ni mkavu au umepinda mahali: spidi ikipanda mzunguko unapata nguvu ya kupita pale panapokwama. Ukiwa mtulivu barabara ikinyooka na kuanza kucheza unapokata kona upande mmoja tu, waya unabanwa usukani ukigeuka. Ukitulia vizuri halafu ukaruka ghafla mara moja moja, hasa kwenye matuta, tazama ncha za waya: pembe zimelika, zinateleza ndani ya kitundu. Na ukisikia mlio kama wa kifaranga kutoka kwenye mita asubuhi kukiwa na baridi, unaoisha jua likipanda, hiyo ni bushi ya ekseli ndogo ya mita, inalia kiu.

Anza na njia ya waya kabla hujauchomoa. Fuata ganda kwa macho na vidole kutoka habu mpaka mita. Hautakiwi kupinda kona kali. Kona yenye nusu-kipenyo chini ya sentimita 15 tayari ni ugomvi. Tazama kama unapita kwenye kishikizo chake pale kwenye shokapu. Kisha geuza usukani wote kulia, wote kushoto, ukiwa umeushika. Mara ngapi nimekuta mwamvuli wa bodaboda umefungwa juu ya waya wa spidi, au kinga ya mbele ya chuma imechomelewa ikaubana, au mtu amebadilisha usukani akaweka mrefu zaidi na waya umebaki uleule, umekazwa kama uzi wa gitaa. Ukibadilisha waya bila kutoa kilichoubana, umenunua wiki tatu.

Njia ikiwa safi, uchomoe waya wa ndani. Kwenye nyingi unatoka kwa kuvuta upande mmoja baada ya kufungua ncha zote mbili. Kwingine kuna washa ndogo yenye mkato inayouzuia, itoe kwa bisibisi bembamba na usiidondoshe kwenye mchanga. Ufute kwa kitambaa chenye petroli mpaka uone chuma.

Sasa ushike kwa ncha zote mbili, uuache ulegee katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na uusokote kwa vidole vya mkono mmoja polepole. Tazama tumbo la waya. Waya mzima unazunguka palepale, tumbo halisogei. Waya uliopinda, hata kama jicho halioni pindo lolote, utafika mahali tumbo litakataa, litabaki upande mmoja, halafu litaruka kwenda upande wa pili. Ukiuona mruko huo, usijaribu kuunyoosha kwa nyundo. Haunyooki. Tafuta mwingine.

Pitisha vidole urefu wote. Unyuzi uliochomoza utakuchoma. Huo unakwaruza ganda kila mzunguko. Doa linalong'aa upande mmoja linaonyesha mahali ganda limebonyea. Mimina mafuta mepesi ndani ya ganda tupu, yaache yatoke chini. Yakitoka meusi yenye chenga za kutu, endelea mpaka yatoke safi. Yasipotoka kabisa, ganda limefungwa kwa ndani, na hapo ni waya kamili mpya.

Ukinunua waya mpya peleka wa zamani dukani, uulaze juu ya kaunta pamoja na mpya. Urefu utofautiane kidogo sana, ncha zifanane kabisa. Nyaya za CG na za nakala zake zinafanana kwa mbali, ila ukiwa na ncha fupi kwa milimita chache tu, itashika leo na kuachia wiki ijayo. Wafanyabiashara watakwambia "zote ni moja." Uchomoe wa ndani hapohapo dukani, ufanye lile jaribio la tumbo. Nimeshakataa waya mpya mbili kwa mkupuo mmoja.

Grisi: hapa nilijikosea mwenyewe

Waya unahitaji grisi, lakini si kama mandazi yanavyohitaji mafuta. Waya wa ndani umesukwa kwa mzunguko, kama skrubu ndefu. Ukizunguka siku nzima, unaweza kubeba grisi iliyozidi na kuipandisha juu, sentimita kwa sentimita, mpaka kwenye mita.

Mimi baada ya kuuona waya wangu mkavu nilikasirika na kupaka kama napaka bearingi. Mshale ulitulia, nikajisifu. Wiki kama tatu hivi baadaye, natoka langoni kwa mwendo wa mtu anayetembea, mshale ukapanda mpaka mwisho wa namba na kukaa huko. Grisi ilikuwa imefika kwenye sumaku na kikombe. Vitu viwili ambavyo havitakiwi kugusana sasa vilikuwa vimegandishwa na grisi nzito, na sumaku ilikuwa inaburuta kikombe waziwazi.

Kwa hiyo dalili ya mshale kukimbilia mwisho, au kusoma 80 ukiwa wazi uko 40, na hasa ikiwa mbaya asubuhi na nafuu mchana grisi ikilainika, ni mafuta ndani ya mita. Usiendelee kuendesha hivyo kwa siku nyingi; springi ile ya unywele inavutwa kupita kiasi, na haitarudi kama ilivyokuwa.

Kipimo sahihi ni hiki: tia grisi laini kidogo kwenye kitambaa, vuta waya wa ndani katikati ya kitambaa mara moja, theluthi mbili za chini tu. Waya ung'ae, usinate. Sehemu ya juu, kama shibiri moja kutoka kwenye mita, iache kavu. Grisi itapanda yenyewe kufika huko.

Ile mita inayolia kama kifaranga, ipe tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitundu cha nyuma, igeuze juu chini kwa nusu saa, futa kinachotiririka. Tone moja. Nimesema tone.

Kuipima mita yenyewe

Ukishamaliza waya na gia, na mshale bado una vituko, ndipo sasa uigeukie mita. Kata kipande cha waya wa ndani wa zamani, sentimita kumi, chenye ncha nzima ya pembe nne. Kiingize nyuma ya mita na ukizungushe kwa vidole. Kizunguke kwa ulaini kama kiberiti ndani ya mrija. Mshale unatakiwa kushtuka kidogo kila ukizungusha haraka na kurudi sifuri. Kikikaza, mita imekauka au imeshika kutu ndani, na hiyo ndiyo inayokata nyaya. Mtu anayelalamika kwamba kila waya mpya unakatika ndani ya mwezi, tena unakatika karibu na juu, mita yake imekaza. Waya ndio unaovunjika kwa sababu ndio dhaifu kuliko gia.

Mwenye drili anaweza kwenda mbali zaidi. Funga kile kipande kwenye drili. Mita za pikipiki nyingi za Kijapani zimetengenezwa zionyeshe 60 waya ukizunguka mara 1,400 kwa dakika, kwa maana nyingine mizunguko 1,400 kwa kilomita. Drili ambayo kibao chake kinasema 1,400 bila mzigo, ukiibana mpaka mwisho mshale ukae kwenye 60 au jirani yake. Ukitulia kabisa kwa drili na kucheza barabarani, mita haina kosa. Rudi kwenye waya. Mshale ukigoma kupanda, geuza mwelekeo wa drili kabla hujaogopa: unasukumwa upande wa kizuizi. Anza polepole, usiipige mita kwa spidi yote kwa mkupuo.

Kuna na jaribio la bure linalotokana na namba hiyohiyo. Bandika kipande cha karatasi kama bendera kwenye ncha ya juu ya waya, zungusha gurudumu mara kumi kamili ukihesabu bendera. Kwa tairi la 2.75-18 (upana wa inchi 2.75, rimu ya inchi 18), lenye mzingo wa kama mita 1.87, utapata mizunguko 26 hivi. Ukipata 20 au 32, gia iliyoko kwenye habu ni ya pikipiki nyingine.

Kufungua mita ni uamuzi. Nyingi za siku hizi zina kioo kilichopigwa gundi au pete ya bati iliyokunjwa, na kuirudisha isivuje masika ni kazi. Kama namba zinatembea na mshale umelala kabisa, mara nyingi kikombe kimeachana na mhimili wake au springi imekatika, na hakuna fundi wa kawaida atakayerudisha springi ile ikasoma sawa. Kama mshale haurudi sifuri, unabaki kwenye 15 au 20, tazama kwanza kwa nje: jua linaweza kukunja mshale wa plastiki ukagusa uso wa mita. Hilo linatengenezeka. Mshale uliorukia upande wa pili wa kizuizi baada ya kuanguka nao unatengenezeka. Springi iliyochoka, achana nayo.

Umetulia, lakini ni mwongo

Kosa linalotikisika ni la msuguano. Kosa lililotulia, lenye kiwango kilekile kila spidi, ni la uwiano: tairi, gia, au mita iliyotoka kwenye pikipiki nyingine. Usilitafute kwenye waya, waya hauwezi kudanganya kwa utulivu. Mizunguko ya chini na ya juu ni ileile.

Tairi lina mchango mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kutoka 2.75-18 kwenda 2.50-18 mzingo unapungua kama asilimia 2. Kwenye 60 hiyo ni kilomita moja na kidogo. Kuweka rimu ya 17 mahali pa 18 kwa tairi la upana uleule kunakaribia asilimia 4. Tairi likiwa dogo mita inasoma zaidi, likiwa kubwa inasoma pungufu, na hiyo ya pili ndiyo ya kuogopa, kwa sababu askari mwenye tochi kwenye eneo la 50 hasomi mita yako. Kumbuka pia kwamba hata mita mpya kabisa kwa kawaida hutengenezwa isome juu kidogo ya ukweli. Ikionyesha 55 simu ikisema 51, iache.

Kosa la asilimia 20 au zaidi ni mita au gia ya kigeni. Mita ya nakala moja inaingia kwenye nyingine bila shida, nati inakaza, taa zinawaka, na uwiano ni tofauti. Jaribio la bendera na la drili yatakuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Ukinunua pikipiki iliyotumika, hapa pana la kando. Waya wa spidi uliofunguliwa chini, skrubu haipo, na muuzaji anasema "ulikatika juzi tu": tazama vumbi kwenye kitundu. Vumbi la miezi si la juzi. Pikipiki ya miaka kumi inayoonyesha kilomita 9,000, ikiwa na pedeli ya gia iliyolika mpaka raba imekwisha, ilitembea nyingi huku namba zimelazwa.

Mwisho, jaribu barabarani bila kuitegemea simu. Barabara kuu zina nguzo za kilomita pembeni. Chagua kipande kilichonyooka kisicho na magari mengi, shika 60 kwa mshale, na mtu wa nyuma apime muda kutoka nguzo mpaka nguzo. Usipime mwenyewe huku unaendesha. Sekunde 60 ni sawasawa. Sekunde 65 unakwenda 55, mita inasoma juu kidogo, kawaida. Sekunde 72 uko 50 tu. Ukipata chini ya 60, unakimbia kuliko mshale unavyokubali. Rudia kwenda na kurudi, kisha simama uguse nati ya juu kwa vidole: safari ya kwanza baada ya kufunga huwa inalegea, na nati iliyolegea inarudisha mtikisiko uleule uliokuwa unaufukuza.